Mama Simu na Bwana Rudia

Jina la Mama Simu alilipata kazini. Kwa miaka mingi alikaa kwenye ubao wa simu wa hospitali kubwa, akipokea na kuunganisha, na wapo waliomjua kwa sauti tu. Mtu akipiga huku analia, yeye alimtuliza kwanza ndipo akamuuliza anamtaka nani. Alipostaafu alikuwa ameshafiwa na mumewe, na haukupita muda kiharusi kikamwangusha bafuni. Mguu ukarudi, mkono ukarudi nusu, ila ulimi ukabaki mzito. Maneno yakawa yanatoka yamelowana.

Mwanawe wa pekee ni mhandisi wa barabara, leo yuko huku, kesho kule. Alimletea mama yake roboti nyeupe, kimo cha mtoto wa chekechea, yenye magurudumu na uso wa kioo uliochorwa macho mawili. Ilikuwa imkumbushe dawa, imsemeshe asiwe mpweke, na imtumie mwana taarifa kwenye simu. Mama Simu hakuikataa. Aliitazama ikizunguka meza, akacheka, akasema afadhali mgeni huyu hana tumbo.

Taabu ilianza asubuhi yake. Roboti ilimuuliza kama ameshameza dawa ya presha, naye akajibu ndiyo.

“Samahani, sijakuelewa,” ikasema kwa upole. “Tafadhali rudia.”

Akarudia. Ikaomba tena. Akarudia polepole, akiliumba kila neno mpaka jasho likamtoka juu ya mdomo. Roboti ikamshukuru, kisha ikamtumia mwana taarifa kwamba mama amekataa dawa.

Haukupita muda mwana akapiga, mitambo inanguruma nyuma yake, akamgombeza mama yake kama mtoto. Mama Simu alijaribu kueleza, lakini kwa ile hasira ulimi ulizidi kugoma. Mwana akasema haya mama, wewe meza tu, akakata.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Akiomba habari za redio, anawekewa muziki. Akiiambia ikae kimya, inamuuliza kama anajisikia mpweke. Jirani yake mshonaji, ambaye huja kumfunga vifungo vya gauni na humwelewa bila shida, ndiye aliyeibandika roboti jina la Bwana Rudia. Walicheka siku hiyo. Jirani alipoondoka, Mama Simu alilia kwa uchungu, maana tangu kiharusi kimpate hakuna aliyemfanya ajione bubu kama kilivyofanya kile chombo.

Mwishowe akachukua shuka akakifunika gubigubi.

Roboti ikatuma taarifa kwamba haimwoni mama. Mwana akampigia mama yake, simu haikupokelewa, akaacha kazi akaendesha gari roho mkononi. Aliingia na viatu vyake vya matope, akamkuta mama anamenya viazi. Hofu yote ikageuka hasira. Akauliza kama anajua amemtia kiwewe kiasi gani, na kwa nini mambo mazuri hayataki.

Mama Simu akaweka kisu chini.

“Tangu umlete huyu, wewe hunipigii ila kunigombeza,” alisema. “Hali yangu unamuuliza yeye. Na yeye hanisikii.”

Maneno yalitoka mazito vilevile, lakini mwana aliyapata yote. Alivuta kiti akakaa, akatazama matope aliyoyaleta sakafuni. Akasema alidhani amemwondolea upweke. Mama akamjibu kwamba aliyeondolewa mzigo ni yeye mwana.

Mwana alitaka kuirudisha roboti ilikotoka. Mama akakataa, kwa kuwa ile kengele ya dawa ilimfaa. Alichotaka ni mdomo ufungwe na taarifa zikome. Mwana alihangaika na mitambo ya roboti hadi jioni. Sasa kengele ikilia, mama anabonyeza kitufe, basi.

Mwana hupiga mwenyewe siku hizi. Si kila siku kama alivyoahidi siku ile. Kazi ikimbana anapotea, na mama hushinda amenuna, anamjibu jirani kwa mkato. Anajua mwanawe anampenda. Kinachomkera ni kwamba ilimbidi afunike mashine kwa shuka ndipo mtu aje kumsikiliza.