Kifua cha Anuari

Sabaha alikijua kifua cha mwanawe kwa kiganja kuliko kwa sikio. Alimlaza ubavu juu ya mapaja, akakunja kiganja kama anayechota maji, akagonga mgongoni polepole. Pale makohozi yalipokwama palikuwa pazito, kama kugonga gunia la mchele. Pakishaitika kwa mlio wa uwazi, alimgeuza upande wa pili.

Anuari alizaliwa na ugonjwa wa kurithi, sistiki fibrosisi, unaofanya makohozi kuwa mazito kama gundi na jasho kuwa na chumvi kupita kiasi. Sabaha ndiye aliyeionja chumvi hiyo kwanza, kila alipombusu kwenye paji la uso. Alipowaambia watu, walicheka. Hospitalini walimtibu nimonia, kisha nimonia tena, mpaka daktari mmoja alipouliza, "Mama, ukimbusu mtoto wako, ana ladha gani?" Sabaha akalia palepale, kwa kuulizwa tu.

Candida, dada wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, ndiye aliyemfundisha kugonga. Iwe kabla ya kunyonya, maana mtoto aliyeshiba hutapika. Asiguse uti wa mgongo wala tumbo. Na mlio usiwe wa kofi.

Chumba chao kilikuwa Msimbazi, katika nyumba ya wapangaji wengi, na kuta hazikuficha kitu.

"Sabaha!" jirani yake Blandina aliita kutoka koridoni. "Huyo mtoto au ngoma ya mchiriku?"

"Njoo ucheze basi," alijibu Sabaha, mkono hausimami.

Mama mkwe wake, Bi Zulekha, hakucheka. Alikuja kutoka Masasi kusaidia kulea, ili Sabaha arudi Kariakoo kwenye turubai lake la nguo za watoto za mtumba.

"Mwanangu, kifua hakitoki kwa makofi," alisema. "Huyu ana kimeo. Kile kinyama cha kooni kimerefuka, ndicho kinamkohoza. Mumeo tulimkata akiwa mdogo kuliko huyu. Si umemkuta mzima?"

"Mama, daktari kasema ugonjwa uko mapafuni."

"Huyo daktari kalea wangapi?"

Khalfani, mumewe, fundi magari wa Gerezani, aliendelea kumega ugali. Sabaha alimtazama, naye akatazama mboga.

Basi Sabaha akamfundisha mama mkwe. Aliushika mkono wake, akaukunja, akauongoza. Ulipoachiwa, mkono ule ukagusa mgongo wa mtoto kama unaopangusa vumbi.

"Gonga, mama. Haumii."

"Mjukuu wangu nimpige, watu wasikie?"

Siku ya mvua kubwa Sabaha alikuwa ng'ambo ya Jangwani, amefuata dawa za mtoto. Bonde likajaa, barabara ikafungwa, mabasi ya mwendokasi yakasimama. Akapiga simu.

"Mama, mgonge kabla hajanywa maziwa."

"Nimemgonga. Anakoroma. Midomo inageuka rangi."

"Gonga kwa nguvu kidogo, mama! Mwite Blandina akusaidie, mumpeleke hospitali!"

Simu ya upande wa pili ikazimika. Sabaha akashuka kwenye maji. Watu wakamvuta kanga, wakamrudisha.

Bi Zulekha alikuwa amegonga kweli, kwa mkono ule ule wenye woga. Kisha akamfunika mjukuu kwa kanga, akakimbia naye mvuani, bila viatu, mpaka kwa mzee anayekata vimeo mtaa wa nyuma.

Sabaha alipofika nyumbani, maji yamepungua, alimkuta mtoto kwenye mapaja ya bibi, nguo ya mtoto imelowa damu kifuani.

"Tayari," alisema Bi Zulekha, anatetemeka kwa baridi. "Sasa atapumua."

Hospitalini, Sabaha alimlaza mtoto ubavu na kukunja kiganja. Candida akaushika mkono wake.

"Usimgonge, dada. Kidonda bado kinatoka damu. Ikishuka, itamkaba."

"Na makohozi?"

"Tutayavuta kwa mashine. Yale yatakayofikika."

Sabaha akaweka kiganja mgongoni mwa mwanawe, kimetulia. Palikuwa pazito chini ya bega la kushoto. Baadaye pakawa pazito na kulia. Kila mahali alipajua, na kila mahali alikatazwa. Anuari alikata roho Ijumaa asubuhi, mkono wa mama yake ukiwa bado umelala hapo.

Msibani wanawake waliketi mikekani. Bi Zulekha, macho yamevimba, alikuwa akiwasimulia.

"Tulichelewa. Kimeo kilishakomaa. Tungemkata mapema, mtoto tungekuwa naye."

"Pole, bibi. Ndivyo Mungu alivyopanga," waliitikia.

"Hamkuchelewa, mama," alisema Sabaha kutoka pembeni.

Wanawake wakamgeukia.

"Mlimwahi kabla sijafika."

"Mwanangu," alisema Bi Zulekha, "mimi nilitaka apumue."

"Najua," alisema Sabaha, akageukia ukutani.