Sauti ya Alfonsi na Betri Sita za Kornelio

Jumapili, saa moja asubuhi. Kengele ya kanisa imekwisha lia mara ya kwanza, lakini Kornelio Mnali hata shati hajavaa. Yuko juu ya ngazi, anapanga betri sita kubwa juu ya bati la nyumba yake hapa Temeke, moja moja, kama mtu anayeanika dagaa aliowanunua kwa bei ya kuumiza.

"Baba Anjelina, shuka," mkewe Demetria anamwambia kutoka chini. "Betri si mihogo, haziivi."

"Zinaiva," anamjibu bila kugeuka. "Zikipata joto zinakumbuka nguvu zake."

"Na wewe ukianguka utakumbuka nini?"

Kornelio anacheka. Hata hivyo mikono yake inafanya kazi kwa uangalifu wa mtu mwenye wasiwasi. Betri nne ni kuukuu, zimetolewa kwenye redio za wateja. Mbili ni mpya, na alizipata juzi baada ya kupanga foleni tangu alfajiri nje ya duka la ushirika. Leo anataka zizungushe gramafoni kwa dakika kumi na mbili tu, huko Kimbiji ambako umeme haujafika. Zikishindwa, mtu mmoja ataendelea kuamini uongo alioambiwa miaka saba iliyopita.

Kornelio ana umri wa miaka arobaini na minne. Ni fundi wa gramafoni na redio. Hakusomea ufundi huo popote. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1959 kutoka Newala akiwa mchonga vinyago, na mpingo ndio uliomfundisha kila anachokijua. Vipuri vilipoanza kuadimika, wenzake walifunga vibanda. Yeye alichukua patasi, akaanza kuchonga vipuri.

"Mpingo hauvimbi kwa mvua wala hausinyai kwa jua," anasema. "Kuna watu hapa Temeke wanacheza dansi kila Jumamosi, hawajui kwamba kinachozungusha santuri ni mti wa kwetu kusini."

Kazi moja humpatia shilingi tano, ikiwa ngumu kumi. Mwezi ukiwa mzuri hufikisha mia mbili, na watoto ni watano.

Kinachowashangaza wateja zaidi ni namna anavyosikiliza. Haweki sikio kwenye mashine. Huchukua kijiti cha mpingo chenye urefu wa kalamu, ncha moja huigusisha kwenye mwili wa gramafoni, nyingine huiuma kwa meno. Kisha hufumba macho. Kwa namna hiyo hujua kama ni mota inayosugua, kama ni mpira uliopasuka, au kama sahani inayobeba santuri inayumba.

"Sikio langu la kushoto lilikufa na surua nikiwa mdogo," anaeleza. "Lakini meno yote ninayo, namshukuru Mungu."

Kwa kijiti hichohicho ndivyo alivyomsikia Alfonsi Nandonde.

Msomaji aliyekuwa mtu mzima wakati wa Uhuru hahitaji kuelezwa habari za Lukuledi Jazz. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1966, hapakuwa na harusi ya maana kuanzia Temeke hadi Kinondoni ambako hazikupigwa nyimbo zao. Mwimbaji alikuwa Mwishehe Kibabu, mwenye sauti kali kama filimbi. Santuri zao ziliuzwa kabla hazijatoka kwenye maboksi. Kisha Mwishehe akaondoka kwenda kufanya biashara Mombasa, na watu wakasema bendi imekwisha.

Bendi haikukubali. Ilimchukua Alfonsi, kijana wa kupakia mizigo bandarini, na mwaka 1969 ikapeleka Nairobi nyimbo nne. Fedha zilikuwa za kuokoteza. Kiongozi wa bendi, mzee Romani, akapiga hesabu ya mtu maskini: badala ya kulipia santuri mbili, nyimbo zote nne ziingie kwenye moja, mbili kila upande. Ili zienee, ilibidi santuri hiyo ndogo itengenezwe kwa mwendo wa taratibu, wa mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, sawa na zile santuri kubwa. Mzee Romani ndiye aliyefuatilia jambo hilo mwenyewe. Alifariki kwa homa wiki mbili kabla ya mzigo kufika, kabla hajawaeleza wenzake.

Kwa macho, santuri ile ilikuwa kama nyingine zote ndogo. Na santuri ndogo kila mtu alijua huchezwa kwa mwendo wa arobaini na tano. Katika baa nyingi za Temeke kitufe cha mwendo kilikuwa kimefungwa kwa uzi palepale kwenye arobaini na tano, walevi wasikichezee. Namba ya thelathini na tatu iliandikwa kwenye karatasi ya katikati, ndogo kama chawa. Nani asome?

Basi Lukuledi Jazz mpya ikasikika mjini ikikimbia. Magitaa yakalia kama baiskeli isiyotiwa grisi. Na Alfonsi, mwanamume mwenye kifua cha kubeba magunia, akasikika kama mbuzi aliyeachwa na mamaye.

"Tulicheka hadi tukakaa chini," anakumbuka Thuwaini bin Matar, mwenye duka la vitambaa jirani na kibanda cha Kornelio, ambaye zamani aliuza santuri. "Ziliniozea dukani. Nyingine watoto walifanyia sahani za kuchezea. Sikufichi, hata leo mie nasema Lukuledi ni Mwishehe, basi."

"Wewe Thuwaini ulisikiliza kwa pochi," Kornelio anamtupia kutoka kibandani.

"Na wewe unasikiliza kwa meno! Nani mwendawazimu?"

Bendi ilivunjika mwaka huohuo. Alfonsi akahama mji.

Mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, Kornelio aliletewa gramafoni ambayo bomba dogo la shaba kwenye mhimili wa mota lilikuwa limelika. Akachonga jingine la mpingo. Anakiri alikosea. Alilichonga jembamba mno, na bomba likiwa jembamba sahani huzunguka polepole. Hakujua bado. Ili aijaribu kazi yake, akaokota santuri asiyoionea huruma kutoka kwenye boksi la takataka alilopewa na Thuwaini. Akaweka sindano, akauma kijiti, akafumba macho.

"Nilidhani kuna mtu ameingia kibandani," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Sauti nzito, imetulia. Kama maji ya kisima kirefu unapotupia jiwe na kungoja. Gitaa la besi likaja kwenye meno, likashuka shingoni, likakaa hapa kifuani. Nilikuwa na patasi mkononi. Niliiweka chini kama mtu anayevua kofia."

Akatazama karatasi ya katikati. Akaisogeza kwenye mwanga. Ndipo alipoiona namba.

Demetria anasema siku hiyo mumewe hakula mchana. "Aliniita mara nne. 'Mama Anjelina, njoo usikie tulichomfanyia mtu.' Mie nikasema, sisi tumefanya nini? Akasema, tulicheka."

Kornelio haoni aibu kusema kwamba kwake yeye santuri ile, iliyotoka wakati bendi imekwisha kuzikwa kwa maneno, inazipita zote za miaka ya neema. "Mwishehe alikuwa anaimba ili apendwe. Huyu anaimba kama hana tena cha kupoteza. Sikiliza magitaa yanavyomngoja. Hakuna anayemwahi mwenzake."

Ilimchukua miezi mitano kumpata Alfonsi. Wapakiaji wa zamani bandarini walimwambia yuko Kimbiji, analima mihogo na minazi michache. Kornelio alikwenda mwezi uliopita akiwa na gramafoni yake ya betri begani. Hakupewa hata kigoda.

"Aliniuliza, hicho umebeba nini? Nikamwambia. Akasema, fundi, mie wimbo huo hauingii uani kwangu. Rudi na pantoni hiyohiyo."

Ni mke wa Alfonsi, Sesilia, aliyemfuata njiani. Alimwambia mumewe hajaimba tangu wahamie huko, hata kanisani, hata kumbembeleza mtoto. Ibada ikianza yeye hufungua kitabu na kufunga mdomo. "Njoo tena," mama huyo alimwambia. "Lakini ukija, hakikisha mashine yako haitamwaibisha mara ya pili."

Ndiyo maana leo ziko betri juu ya bati.

Saa tatu Kornelio anazishusha zikiwa moto, anazifunga kwenye kanga ya mkewe, na kuzikumbatia kama kifaranga. Tunavuka kwa pantoni. Upande wa pili tunapata lori linalokwenda kuchukua nazi. Barabara ni mashimo matupu. Gramafoni amemkabidhi mwandishi wa habari hii, lakini santuri ameiweka ndani ya shati, juu ya ngozi, na kila lori linaporuka yeye huinuka kabla yake. Hajapata nyingine. Hii moja ikivunjika, anasema, sauti ile imekufa.

Saa nane tunafika. Alfonsi Nandonde yuko uani, anatengeneza mpini wa jembe. Ni mtu mrefu, mabega mapana, mvi chache. Anamwona Kornelio, anashusha pumzi.

"Wewe Mmakonde una kichwa kigumu."

"Ndiyo, kaka. Cha mpingo."

Sesilia, aliyekaa kwenye mkeka akimenya mihogo, anacheka peke yake. Alfonsi hacheki.

"Nitakwambia jambo moja, kisha uende," anasema. "Niliisikia santuri ile siku moja tu, nikiwa nimesimama mlangoni pa baa. Watu walikuwa wanalia kama mbuzi kuniigiza, hawajui kwamba niko nyuma yao. Angekuwa mtu aliyenisema vibaya, ningempiga. Lakini mashine haina chuki na mtu. Nikasema, ikiwa mashine imesema, basi ndivyo nilivyo. Wenzangu walikuwa wananistahi tu."

"Mashine ilikuwa sahihi," Kornelio anamjibu. "Kitufe ndicho kilichofungwa uzi."

Anamweleza habari ya mwendo, ya mzee Romani, ya namba ndogo kama chawa. Alfonsi anasikiliza huku akiendelea kukwangua mpini. Fundi anapomaliza, Alfonsi anauliza swali moja.

"Nani anaijua sauti yake mwenyewe?"

Kornelio anaiweka gramafoni chini. Anapiga magoti, anaingiza betri moja baada ya nyingine, anazungusha kitufe hadi thelathini na tatu. Anatoa santuri kifuani, anaifuta kwa kanga. Anauma kijiti chake.

Sindano inashuka.

Mwandishi amesikia bendi nyingi katika maisha yake, na hakutegemea lililotokea. Magitaa mawili yanaanza kwa mbali, yanapishana kama watu wanaosalimiana njiani bila kusimama. Kisha inakuja sauti. Haina haraka na mtu. Inaimba habari ya mwanamke aliyebaki shambani wakati mumewe kaenda kutafuta kazi: mikorosho imetoa maua, nawe hujarudi, maua yamepukutika, nawe hujarudi. Hata kuku wa uani wanaonekana kutembea polepole.

Kisu cha Sesilia kimesimama katikati ya muhogo. Alfonsi ameuacha mpini. Anautazama mkono wa gramafoni, hatazami mtu.

Wimbo wa kwanza unakwisha salama. Unaanza wa pili.

Kornelio ndiye anayejua kabla yetu sote. Meno yanamwambia. Anafumbua macho ghafla, anaitazama sahani: betri kuukuu zimeanza kuchoka. Sauti inateremka, kidogo tu, kama mtu anayeingia kwenye tope. Magitaa yanaanza kuvuta miguu. Fundi ametoka jasho. Miaka saba mtu huyu aliaminishwa kwamba yeye ni mbuzi, na sasa mbele ya mkewe atasikika kama fahali mgonjwa. Kornelio ananyoosha kidole kwenye ukingo wa sahani, anaisukuma. Inayumba. Ni mbaya zaidi.

"Iache," Alfonsi anasema.

Anasimama. Na pale mashine inapoangukia, yeye anaudaka wimbo.

Anaanza kwa kukwaruza, koo lililokaa miaka saba bila kazi. Mstari wa pili unafunguka. Mstari wa tatu sauti ile ya kisimani imetoka yote, kubwa kuliko ya kwenye santuri, imesimama palepale inapotakiwa huku gramafoni ikizama chini yake, ikinguruma, ikinyamaza. Sahani imesimama kabisa. Alfonsi bado anaimba. Jirani mmoja amekuja hadi kwenye ua wa makuti akiwa na ndoo kichwani, na ameisahau pale kichwani.

Kornelio amekitoa kijiti mdomoni. Anasikiliza kwa sikio lake moja, ameligeuza upande wa mwimbaji.

Wimbo unakwisha. Sesilia anajifuta uso kwa mkono wenye udongo wa mihogo, na unabaki shavuni.

"Upande wa pili kuna nini?" Alfonsi anauliza, sauti ikiwa kavu.

"Nyimbo mbili. Si uliziimba mwenyewe?"

"Niliziimba. Sijazisikia."

Kornelio anaanza kueleza mipango yake, maneno yakigongana. Anataka kuzunguka baa zote za Temeke hadi Tandale na kisu kidogo, akate nyuzi kwenye vitufe. Anataka kutafuta santuri nyingine zilizosalia, hata zilizokwaruzika. Anataka, ifikapo Saba Saba, Thuwaini akae kiti cha mbele katika ukumbi, na Alfonsi asimame jukwaani. Kwanza lakini zipatikane betri sita mpya, na foleni ya ushirika iko Jumanne.

"Mbona mbali," anasema Sesilia.

Amekwisha kuzitoa betri kwenye gramafoni. Anasogeza mihogo pembeni ya mkeka, anazipanga zote sita mahali jua linapopiga. Alfonsi anachuchumaa karibu nazo. Kila baada ya muda anainama, anazigeuza moja moja, upande wa pili nao upate joto.