Safari ya Harusi ya Mama Argia

Deanna Malagoli aliolewa na dereva wa lori, na siku ya harusi watu wote wa Castelfranco walimwambia kwamba sasa atatembea mpaka achoke. Hakutembea. Ermes, mumewe, alibeba vigae kutoka viwanda vya Sassuolo akavishusha Firenze, Roma, Napoli na kwingineko, akarudi na mashati ya kufuliwa. Deanna aliyafua. Kwa miaka ishirini na sita aliijua Italia kwa harufu ya kola za mashati, mpaka kola moja ilipokuja na manukato, na manukato yale yakawa na jina, Samanta. Ermes aliondoka siku ya Jumanne baada ya chakula cha mchana. Alikula kwanza.

Waliotaraji kumwona Deanna akilia barabarani walingoja bure. Alfajiri iliyofuata alikuwa dukani kwa Vilma kama kawaida, amefunga aproni, anasukuma unga. Shule aliiacha mapema, na maandishi marefu yalimchosha macho, lakini mikono yake ilikuwa na akili. Alichukua donge la unga na mayai akalisukuma kwa mti mrefu mpaka likatanda ubao mzima, jembamba kiasi kwamba ukilinyanyua dirishani uliona kivuli cha mnara wa kanisa ng'ambo yake. Watu wa Modena, wenye pasta yao hukohuko, walikuja kununua ya Deanna, ila hakuna hata mmoja aliyekubali kusema kwamba ilikuwa bora kuliko ya kwao.

Mume alipoondoka, mama yake alibaki. Mama Argia alikuwa mjane aliyevuka themanini, akiishi ghorofa ya juu ya nyumba ileile. Talaka ilipotoka, majirani walimwambia Deanna waziwazi: huyo si mama mkwe wako tena, mwache awe mzigo wa mwanawe. Siku hiyohiyo Argia alishuka ngazi polepole, amekumbatia kiti chake mwenyewe, akakiweka karibu na jiko la Deanna, akakaa.

"Mimi sijaachana na mtu," alisema. "Tunakula nini?"

Habari ya safari ilianzia kwenye sanduku. Ilikuwa majira ya kuchipua majani, na Deanna alikuwa akihifadhi sweta za Argia kwenye sanduku la kadibodi lililokaa chini ya kitanda, lenye pembe za bati na mshipi wa ngozi.

"Zuri hili," Deanna alisema. "Lilikwenda wapi?"

"Halijakwenda popote. Lilitoka dukani likaingia hapo chini."

Argia aliolewa na Giovanni mwaka wa sitini na moja. Mabibi harusi wote wa wakati ule, hata wa familia za wakulima, walipanda treni siku ya pili: Firenze, Roma, Napoli, kisha wakarudi na picha ya kuweka juu ya kabati. Giovanni alinunua sanduku. Usiku wa harusi ng'ombe wa mwenye shamba waliyemlimia akashikwa na uchungu wa kuzaa, ndama amekaa vibaya, na mwenye shamba akasema hakuna mtu kuondoka. Wakasema wataenda baada ya mavuno ya zabibu. Halafu Ermes akazaliwa. Ermes alipokua akapata lori, akamwambia mama yake, "Nitakupeleka mimi, Mama, ngoja tu msimu ujao." Misimu ilikuja mingi.

"Na Giovanni naye akachoka kungoja, akafa," Argia alisema, akikunja sweta. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetaja bei ya viazi.

Deanna alilitazama lile sanduku. Alijua mwenyewe alivyoahidiwa na midomo ileile ya Ermes.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Hukohuko. Miji yote mitatu."

"Na miguu yangu hii?"

"Miguu niachie mimi."

Walianza kupanga Jumapili iliyofuata, juu ya ubao wa unga, kwa sababu Deanna alifikiri vizuri zaidi mikono ikiwa myeupe. Alinyunyiza unga, akachora reli kwa kidole kutoka kwao hadi chini kabisa, akaweka tortelloni moja, kipande cha pasta kilichojazwa jibini, mahali pa Firenze, moja Roma, moja Napoli.

"Roma umeisogeza mno huku," Argia alisema.

"Ubao umekwisha, Mama."

"Basi Napoli itaanguka sakafuni." Akaitazama reli ya unga kwa makini. "Saa sita mchana tutakuwa wapi hapo?"

"Ndani ya treni."

"Basi siendi."

Mtu mwingine angecheka. Argia alikuwa ameketi mezani kengele ya saa sita ilipolia tangu akiwa mtoto wa kufikia meza kwa kidevu, na hakuona kwa nini aiache tabia njema kwa sababu ya Roma, ambako watu hukaa kula wakati sahani za Castelfranco zimeshakauka. Deanna hakucheka. Alifuta kila kitu kwa kiganja, akaanza upya.

Ndivyo alivyofanya kwa wiki nyingi. Hakuanza na makanisa wala sanamu. Alianza na mchana wa mama mkwe wake: atakula wapi, atajinyoosha wapi baada ya kula, choo kiko umbali gani, upepo wa dirishani utampiga shingo au hautampiga. Makanisa yaliingia kwenye nafasi zilizobaki. Alipiga simu kwenye mgahawa mmoja wa Roma kuomba meza ya saa sita, na mwenye mgahawa akacheka mpaka akakohoa.

"Saa sita, bibi? Saa sita mpishi wangu bado anakunywa kahawa."

"Basi anywe mapema," Deanna alisema. "Nakuletea mwanamke aliyeingoja Roma tangu mwaka wa sitini na moja. Mpishi wako hawezi kumngoja yeye mara moja?"

Kisha yule mtu akauliza bibi anapenda kula nini.

Jumatatu, siku yake ya kupumzika, Deanna alikwenda Bologna peke yake, maana hapo ndipo wangebadili treni. Alivaa viatu vizito, akabeba mfuko wa viazi mkono mmoja, akavuka stesheni kwa mwendo wa Argia. Ule mwendo aliujua kama anavyojua kupumua: hatua, hatua, simama, lalamika, hatua. Watu wenye haraka walimgonga mabega. Kijana mmoja mwenye begi la mgongoni akamwuliza kama anaumwa. "Naumwa miguu ya mama mkwe," alijibu, akaendelea. Aligundua kwamba treni za kasi ziko chini ya ardhi, ngazi za umeme juu ya ngazi za umeme, akaziacha. Akachagua treni ya taratibu inayosimama juu, kwenye mwanga, yenye mabenchi karibu.

Siku ya kuondoka ilikuwa moja tu. Vilma alimpa likizo ya wiki ya mwisho ya Juni, kuanzia tarehe ishirini na nne. Ila tarehe hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, San Giovanni, siku ya jina la marehemu, na kila mwaka asubuhi hiyo Argia alikata maua ya bluu ya bustanini akampelekea mumewe kaburini. Deanna hakumwomba aiache. Alipanga makaburi kwanza, lango likifunguliwa tu, kisha stesheni. Jioni wangekuwa Firenze.

Habari ikafika baa, na baa ikazungumza. Wazee wa karata wakasema mke wa Ermes, yule aliyeachwa, anampeleka mama yake Ermes safari ya harusi. Walisema kwa sauti, Ermes akiwa amesimama na kikombe mkononi.

Jumapili akaja. Samanta alibaki ndani ya gari nje, injini inanguruma. Ermes akaingia jikoni bila kubisha, kama mtu ambaye bado ana ufunguo, akaona reli ya unga ubaoni.

"Nini hii? Mnacheza?"

"Kaa," mama yake alisema. "Unataka kahawa?"

"Mama, sikiliza. Mtu wa umri wako hapandi treni. Nitakupeleka mimi, kwa gari. Julai, nikipata nafasi. Siku mbili tunamaliza: Firenze, Roma, Napoli, tunarudi. Samanta naye atakuja, mtazoeana." Akamgeukia Deanna. "Wewe nipe tu majina ya hizo hoteli ulizotafuta. Umefanya kazi nzuri, sikatai."

Deanna aliendelea kukata pasta. Ila kifuani alihisi kitu anachokijua: kwa mara nyingine alikuwa amesukuma unga, amejaza, amefunga, na mwingine amekuja mezani na uma.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa maneno ya Ermes. Kilikuwa uso wa Argia. Ulikuwa umeng'aa. Mwanawe wa pekee, hatimaye, alikuwa amesimama jikoni akisema nitakupeleka.

"Kwa gari?" Argia aliuliza taratibu. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, Mama. Si niliahidi?"

Deanna aliweka kisu chini. Angeweza kusema mengi. Alikuwa na maneno ya miaka ishirini na sita, yamepangwa vizuri.

"Mama," alisema, "huyu ni mwanao. Ukitaka kwenda naye, nenda. Majina ya hoteli nitampa."

Ermes alikuwa ameshinda. Angenyamaza, angeondoka na kila kitu. Lakini kushinda hakukumtosha. Alitaka pia aonekane ana akili kuliko Deanna. Akaweka kidole juu ya tortelloni ya Firenze.

"Na mlitaka kufika lini hapa?"

"Tarehe ishirini na nne jioni," Deanna alisema.

Ermes akapiga paja akacheka. "Ishirini na nne! Wee Deanna! Hujui kwamba San Giovanni ndiye mtakatifu wa Firenze? Siku hiyo siwezi kushusha hata kigae kimoja! Mji mzima sikukuu. Mgahawa wowote utakaokwenda utaukuta umefungwa. Wanaandamana na mavazi ya kizamani, na giza likiingia wanarusha fataki juu ya mto mpaka mbwa wanajificha. Halafu huyu ndiye anataka kukupeleka Roma, Mama!"

Deanna alihisi damu ikipanda masikioni. Hakujua. Angejuaje? Yeye alijua San Geminiano wa Modena, na mtakatifu wa parokia yao. Nani hapa Castelfranco hukariri watakatifu wa Firenze? Wiki zote zile, viazi vile vyote, na lililokuwa wazi kwa dereva yeyote hakuliona. Akanyoosha mkono kuifuta reli.

"Usiguse," Argia alisema.

Alikuwa akimtazama mwanawe.

"Fataki za nani, umesema?"

"Za San Giovanni, Mama. Kila mwaka."

"Mji mzima?"

"Mji mzima. Ndiyo nakwambia, huwezi kupita."

Mikono ya Argia, yenye vifundo kama mizizi, ilikaa juu ya mapaja.

"Tangu baba yako afariki," alisema, "nampelekea maua siku hiyo peke yangu. Nasimama pale na kopo la maji. Kumbe huko mbele watu wanamwashia mbingu." Akainua macho. "Ermes, wewe ulisema Julai. Tarehe ishirini na nne ya Juni ulikuwa na kazi gani?"

"Tarehe ishirini na nne? Sina... kwani kuna nini?"

Ilichukua muda uso wake kubadilika, na ulipobadilika akatazama dirishani, kule injini ilikonguruma.

"Mama, nilisahau tu..."

"Najua, mwanangu. Hukufanya kwa ubaya. Hujawahi kufanya kitu kwa ubaya." Akampapasa mkono, kama mtu anavyompapasa mtoto wa jirani. "Isitoshe, safari ya harusi mtu haendi na mwanawe. Watu wangetucheka. Nenda, binti wa watu anachoma mafuta huko nje."

Alipotoka, Argia aliisukuma tortelloni ya Firenze kidogo, ikae sawasawa juu ya reli.

"Migahawa itakuwa imefungwa, Mama," Deanna alisema. Alijipangusa jicho kwa kiganja chenye unga.

"Basi tubebe mkate na soseji ya mortadela. Giovanni hakupenda migahawa." Akamtazama. "Unalia?"

"Unga umeniingia machoni."

"Mm. Ndio maana unga wako una chumvi. Kata hiyo pasta, saa sita inakaribia."

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne lango la makaburi lilipofunguliwa, wawili hao walikuwa wamesimama nje yake, Argia na maua, Deanna na sanduku la kadibodi lililopanguswa mpaka pembe za bati zikang'aa. Argia hakukaa muda mrefu. Alimwaga maji, akapanga maua, akaacha shina moja mkononi, akalichomeka kwenye koti lake la kusafiria.

"Giovanni," aliiambia picha ya kaburini, "mwaka huu nakusherehekea Firenze. Wameniambia kuna fataki. Usinisubiri."

Treni ilipoingia stesheni alilikataa jukwaa, akaikataa ngazi ya behewa, akalalamika juu ya upepo. Deanna alimngoja. Hatua, hatua, simama, lalamika, hatua.

"Sanduku kwanza," Argia akaamuru. "Ndilo limengoja zaidi."

Deanna akaliinua kwa mikono yote miwili, akalipandisha, kisha akageuka akampa mkono bibi harusi.