Nilimnyang'anya Mto Kaiti

Sema unavyotaka, haya yalinipata mimi mwenyewe, kwetu Kilungu, mchana kweupe, tena mara mbili. Mchungaji aliniambia ninyamaze. Mama pia. Leo nasema.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi nikiteremka kuchota maji Mto Kaiti, ukungu ulinifunika, na nilipotokea upande wa pili, kijiji chetu hakikuwepo. Kanisa la mabati halikuwepo. Penye miti yetu ya migrevilea palikuwa na vichaka tu. Kijana mmoja alikuwa akichimba matuta shambani. Aliona viatu vyangu vya plastiki, akacheka mpaka akaegemea jembe. Jina lake Kioko, na kovu lilikuwa limekata nyusi yake ya kushoto. Alinivunjia muwa, tukaongea mpaka jua likawa kali. Nilimuuliza serikali ni ya nani. "Ya mzungu," akasema, "lakini wanasema anaenda." Niamini. Nilikuwa nimerudi miaka ya kabla mimi sijazaliwa!

Ukungu ulinirudisha nyumbani, na huko nikaombewa hadi sauti za wazee wa kanisa zikakauka. Ili nimsahau. Wewe ungemsahau? Mimi sikutaka.

Kisha siku moja nilikuwa nikimsaidia jirani yetu Syokau kubambua mbaazi. Alikuwa mama mzee aliyeishi peke yake. Akanisimulia habari za mwanawe wa pekee, aliyechukuliwa na Kaiti wakati wa mvua kubwa, akifuata mbuzi. Mwili haukupatikana.

"Alikuwa na kovu hapa," akasema, akigusa nyusi yake ya kushoto.

Mbaazi zilinitoka mkononi.

Tangu siku hiyo niliingia katika kila ukungu ulioshuka. Mama alifunga mlango, nikapitia dirishani. Mara nyingi nilitokea palepale, nimelowa bure. Hadi asubuhi moja nikatokea kwenye mvua kubwa, vichaka vimerudi, na Kaiti inanguruma kama lori. Kioko alikuwa ukingoni akivua shati. Mbuzi wake walikuwa wamenaswa katikati ya maji.

"Kioko! Wachana na mbuzi!"

Akageuka, akanitambua, akatabasamu. Katika mvua ile! "Ni wa mama," akapiga kelele. "Nikiwaacha tutakula nini?"

"Ukiingia hapo hutoki. Mama yako ameniambia mwenyewe!"

"Mama yuko nyumbani. Amekuambia saa ngapi?"

Kabla sijamjibu, ukingo ulimomonyoka akaenda nao. Nilifunga leso yangu kwenye mzizi, nikamrushia ncha nyingine, akaidaka. Nilivuta mpaka kucha zikatoka damu. Alipanda akikohoa, midomo imepauka. Ng'ambo watu walikuwa wanaliita jina lake, hawatuoni kwa mvua. Na yeye, hata pumzi haijamrudia, tayari alikuwa anawaangalia mbuzi.

Hapa ndipo watu hunihukumu. Ningeweza kumwachilia. Nilimshika mkono nikamvutia kwenye ukungu. Ndiyo, nilimchukua kutoka kwa mama yake, na machozi ya mama huyo nilikuwa nimeyaona siku ya mbaazi. Lakini nisingemchukua mimi, mto ungemchukua.

Tulitokea kati ya migrevilea. Nilimpeleka moja kwa moja kwa Syokau, aliyekuwa akipepeta mahindi. Aliuacha ungo, akaligusa lile kovu. Nilipiga magoti. "Mwaitu, mama yangu, mimi ndiye..." Hakunisikiliza.

"Umekonda," akamwambia mwanawe. "Ingia ule."

Jumapili, baada ya ibada, watu walikuja kwa Syokau na mawe wakisema tumeleta pepo. Nilisimama mlangoni na panga, Syokau kando yangu na mchi wa kinu.

"Kama huyu si mwanangu," akawauliza, "niambieni mlinizikia mwili gani."

Mawe yaliwekwa chini. Waliondoka mmoja mmoja.

Tulioana, tukahamia Mtito Andei, Kioko akawa anaziba magurudumu ya malori. Alipoenda kuchukua kitambulisho alitaja mwaka wake wa kweli wa kuzaliwa, karani akacheka akamwambia aache mchezo. Syokau tuliishi naye, na alipofariki, mwanawe ndiye aliyemmwagia udongo wa kwanza.

Lakini Kaiti haijasamehe. Mvua ikinyesha sana Kilungu, hata huku kwetu kukiwa kukavu, Kioko hukohoa maji yenye mchanga, mchanga wa mto ule. Mimi humpangusa, nikamkumbatia, nikaelekeza uso kwenye vilima vya Kilungu.

Kwa hivyo wewe unayenisikia, ukungu ukikushukia kwenye vilima vile, rudi nyuma. Ukishindwa kurudi, jua kwamba utakachokitoa huko kitatafutwa maisha yako yote. Changu kinatafutwa hadi leo. Na wakitaka waje, mto, wazee, hata hao wanaomwita mume wangu pepo. Simrudishi.