Nimesubiri part two miaka minne, mwandishi kamsahau mtu shimoni

Wakuu, heshima kwenu. Wapenzi wa riwaya za upelelezi sogeeni, na msiozipenda msiondoke. Haya yametokea nyumbani kwetu, sijaongeza kitu, na kuna mahali nitajianika mwenyewe.

Spoiler zipo. Kitabu sikitaji wala mwandishi simtaji, sitaki kesi. Na nilikuwa nampenda sana yule mwandishi.

Kwetu ni Goweko, Tabora. Tumbaku. Msimu wa kuchambua familia nzima mnakaa bandani tangu asubuhi, jani moja moja, hili daraja hili, lile daraja lile. Mikono ina kazi, masikio hayana. Kwa hiyo kwetu mtu mmoja huwa anaondolewa kwenye kuchambua, anakaa juu ya gunia, anawasomea wengine.

Msomaji nilikuwa mimi. Kusema kweli kuchambua kulinishinda, nilikuwa nachanganya rangi.

Baba hakujua kusoma. Ila tumbaku aliijua kwa sikio. Analikunja jani karibu na sikio, anasikiliza linavyolia, anakwambia hili bado lina maji, hili limepitiliza. Majirani walikuwa wanamletea majani yao ayasikilize. Shikeni hapo, tutarudi.

Part one niliwasomea banda zima. Kuna inspekta anaitwa Malugu, anafuatilia magendo ya dhahabu, mdogo wake Kisena anamsaidia. Ukurasa wa mwisho Kisena anashuka kwenye shimo la wachimbaji, udongo unaporomoka, juu inabaki taa yake tu.

Itaendelea.

Mama akasonya. Baba akaniambia, "Hebu angalia nyuma, labda kuna karatasi zimegandana."

Sasa wakuu, mwaka uliofuata kaka yangu Shija akaenda machimbo madogo upande wa Nzega. Alipiga simu mara mbili tatu, halafu hakupatikana tena. Hatukupata mwili, hatukupata habari. Wengine walisema shimo lilititia, wengine wakasema kavuka mpaka.

Nyumbani jina lake likaacha kutajwa. Mama akitaka kumsema anasema "yule". Lakini baba akawa na swali moja. Mimi nilishahamia mjini; kila nikirudi nyumbani, nikimpa shikamoo anaitikia marahaba, halafu: "Kile kitabu kimetoka?"

Sikuwa mjinga. Nilijua anauliza nini.

Part two imetoka mwaka huu. Baba alikuwa ameshalala kitandani, mapafu, na hospitali walishatuambia tukae naye nyumbani. Nikakiagiza Dar, kikaja na basi, siku hiyo hiyo nikapanda nacho bodaboda hadi Goweko. Mzee alipokishika akakinusa kama anavyonusa jani. Akacheka. Alikuwa na siku nyingi hajacheka.

Nikaanza kusoma.

Aisee. Sura ya kwanza Malugu yuko ughaibuni, hotelini, anakunywa mvinyo. Sura ya pili helikopta. Ya tatu mwanamke kaficha bastola kwenye soksi. Shimo halipo.

Baba anauliza, "Wameshamtoa?"

Namwambia, "Bado, baba."

Kesho yake nikatoka nacho nje, nikakipekua ukurasa kwa ukurasa mpaka kava la nyuma. Kisena hayumo. Si kwamba kafa, wakuu. Hayumo kabisa. Malugu mwenyewe hamkumbuki mdogo wake hata kwa mstari mmoja. Pale kando ya bani, banda la kukaushia tumbaku, nilitukana matusi ambayo mods wangenifungia maisha.

Alasiri nikarudi ndani, nikafungua katikati, nikaanza kutunga.

Malugu anarudi nchini. Wachimbaji wanapasua kwa pembeni. Wanasikia mtu anagonga jiwe. Wanamtoa Kisena, kakonda, macho hayaliwezi jua, lakini mzima. Anaomba uji.

Nilisoma vizuri, sijawahi kusoma vile. Mama kasimama mlangoni analia.

Baba alikuwa amefumba macho. Nilipomaliza akasema taratibu, "Hujageuza karatasi."

Nikajifanya sijasikia.

"Toka umeanza hujageuza hata moja. Kwa hiyo hajamwandika."

Nikasema ndiyo baba, hajamwandika. Amemsahau.

Hapo ndipo nikapata upenyo wa kumponda mwandishi. Kwamba hana utu, anamwacha binadamu shimoni halafu anaenda zake kunywa mvinyo, sisi huku tunamsubiri. Baba akaniacha nimalize yote. Halafu akauliza, "Wewe kule Nzega ulikaa siku ngapi?"

Siku mbili, wakuu.

Nilikwenda mara moja tu. Nikauliza kwenye mashimo mawili, nikarudi kwenye shughuli zangu mjini. Kila mwaka nikawa najiambia nitarudi, kiangazi kikiisha, msimu ukiisha, na huku kitabu nakifuatilia mtandaoni kila wiki kama kimetoka.

Nikabaki nakiangalia kitabu. Akasema tu, "Kifunge hicho."

Hakuniomba tena nimsomee. Alifariki siku tisa baadaye. Asubuhi ile ya mwisho aliita "Shija", kwa jina, kwa sauti. Mama akaitika "naam" kwa niaba yake. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na sikuweza kufungua mdomo, na naona aibu mpaka leo.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mgonjwa akikuuliza kitu, mpe ukweli siku ya kwanza, maana alichokuwa anakitaka kwangu si hadithi. Na kitabu nakipa mbili kwa kumi, sibadilishi. Ila mwandishi kamsahau mtu wa kwenye karatasi, mimi nilimsahau wa tumbo moja.

Ijumaa naenda Nzega. Safari hii sijapanga siku ya kurudi.

Wa kubishana kuhusu kitabu, karibuni, nitasoma. Lakini kama humu kuna aliyewahi kushika sululu machimbo ya huko, akafanya kazi na jamaa anaitwa Shija, mrefu, ana kovu la moto kiganja cha kushoto, anapiga mluzi akiwa kazini, naomba aandike hapa chini.

Hata kama habari yenyewe ni mbaya, iandike. Mama anataka kujua.