Kichupa cha Maji Nilichokiruka

Nasema kwa aibu, na ningekuwa na akili ningenyamaza, lakini tangu siku ile siwezi kupita kijiji cha Zinga bila kugeuza uso, kwa hiyo bora mnicheke mkijua habari kamili.

Kazi yangu, kwa wasioijua, ni kusaga mbu (ndiyo, nalipwa kwa hilo) na kutafuta vinasaba vya vimelea vya malaria ndani yao, kwenye maabara yetu Bagamoyo. Kila tunapopima tunaweka na kichupa kimoja cha maji matupu, ambacho lazima mashine ikikute hakina kitu. Ikikuta vimelea, ujue umechafua kazi yote. Siku hiyo nafasi za mashine zilijaa, nikabakiwa na mbu mmoja, nikajiambia maji ni maji tu, nikakitoa kichupa nikamweka mbu.

Mbu wenyewe walitoka kwa Bi Salama, mjane wa Zinga, aliyeturuhusu kutega kwenye chumba cha marehemu mumewe, kilichofungwa tangu mzee afe kwa malaria. Mashine ikaonyesha wote wana vimelea. Mmoja ningesema kaingia kutoka nje, lakini wote, kutoka chumba asicholala mtu? Nywele zilinisimama. Kanuni ni kurudia kipimo kwanza ndipo useme, ila mimi na mdomo wangu nikaenda siku hiyo hiyo kumwambia kwamba mbu wale wamemuuma mgonjwa, sasa humo analala nani? Aliutazama mlango wa chumba kile, akatabasamu, nami nikaaga haraka.

Niliporudia, safari hii na maji, maji nayo yakaonyesha vimelea. Nilikaa nikiyatazama mpaka mkuu wangu aliponikumbusha kwamba meza ile ndiyo niliyofungulia vichupa vya juzi vyenye vimelea, mabaki yakaingia kila mahali. Tulipofanya upya kwenye meza safi, hakuna mbu hata mmoja aliyekuwa na kitu. Akaniambia niende mwenyewe nikamweleze mama wa watu.

Nikafika baada ya alasiri, nikakuta viatu vimejaa mlangoni: Bi Salama kaita jamaa na majirani kumsomea mzee hitima. Chumba kile kiko wazi, kitanda kimetandikwa shuka jipya, na kikombe cha kahawa kinafuka moshi juu ya kigoda. Nikatoa shikamoo, nikaeleza mbele ya wote, jasho likinitiririka, kwamba kosa ni langu, mbu hawakuwa na chochote, humo hamna mtu. Shemeji mmoja wa Bi Salama akauliza kama na cheti changu nilipewa kwa makosa, watu wakacheka, nikatamani ardhi inimeze. Bi Salama hakucheka.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “kama hayumo, tangu ulipokuja anayeniitikia salamu humo ni nani?”

Kicheko kikakatika. Waliokuwa wamekaa karibu na ule mlango wakasogea mbali, mmoja mmoja.

Hilo sina mashine ya kulipima. Kichupa cha maji sikiruki tena, hata nafasi zijae vipi, na mtego wetu mpaka leo umo chumbani mle, sijaenda kuuchukua.