Chuma Kilichopakwa Rangi

Usukani ulizunguka bure mikononi mwangu, na pikapu ikaendelea kushuka kuelekea ziwani. "Breki, baba, breki!" mke wangu alipiga kelele. Nilikanyaga, tukateleza; jiwe la ufukweni ndilo lililotuzuia, lakini mkono wake ulivunjika.

Gari hilo nililiunga kwa vyuma vya mitumba, miaka ile serikali ilipofungua biashara, bidhaa za nje zikaingia. Niliinua springi lipite tope la shambani, na siku nyingine limpeleke mke wangu sokoni. Chuma cha usukani alikifunga fundi wa kuchomelea vyuma wa mtaa wa Igoma.

"Kizima hiki?" nilimuuliza.

Akacheka. "Kaka, hicho kitakuzika wewe."

Baada ya ajali ndipo nilipoona mahali kilipoachia: kumbe kilikuwa kimeshakatika zamani, akakiunga na kukipaka rangi. Wewe fundi, bado uko palepale. Njoo umwambie mke wangu: ulijua kitakatika tena?